Gia Zilizovimba

Plastiki ikipoa husinyaa. Hilo ndilo jambo la kwanza analofundishwa mtu akiingia karakana yetu, kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo. Beseni linalotoka kwenye kalibu, lile umbo la chuma la kumiminia plastiki, likiwa la moto silo utakalolipanga kwenye rafu kesho; litakuwa limepungua kidogo, kama mtu aliyetoka kuugua homa. Kwa hiyo kalibu huchongwa kubwa kuliko kitu chenyewe. Mimi nachora kitu kwa kipimo chake halisi, wifi yangu anachonga chuma na kuongeza ile nyongeza ya kusinyaa, na kifuniko kinakaa juu ya ndoo bila ugomvi. Tumefanya hivyo tangu nilipoolewa na kaka yake. Hatujawahi kuulizana, maana kila mmoja anajua zamu yake.

Wifi ni mwanamke wa mabega mapana na maneno machache, na hayo machache yote yana ncha. Ananiita Bibi Penseli. Akiona mchoro wangu una mistari mingi husema, "Hiki ni kikombe au ramani ya kutafutia hazina?" Nami humjibu kwamba asiyejua kusoma ramani hupotea hata njia ya kwenda jikoni. Tunaishi nyumba moja, tunafanya kazi chini ya paa moja la mabati, na mume wangu husema haogopi tukigombana, anaogopa tukinyamaza wote wawili kwa pamoja. Mwaka huu alikuwa na haki ya kuogopa.

Yote yalianza alipokuja Mama Spana. Hilo si jina lake; tulimpa sisi wanafunzi wake, kwa sababu ya spana moja kubwa ya chuma aliyokuwa akiilaza mezani mbele yake kila kipindi. Alinifundisha nikiwa msichana mwenye hasira za karibu. Siku ya kwanza nilijimwagia grisi kwenye sketi, wenzangu wakacheka, nikabeba mkoba wangu niondoke nisirudi tena. Mama Spana hakunibembeleza. Alinipa gia mbili kuukuu za mashine ya kusaga, moja ndogo na moja kubwa, akasema, "Zungusha hii, itazame ile." Nikazungusha. Ile kubwa ikaenda upande wa pili, polepole, lakini nilipojaribu kuizuia kwa mkono sikuweza. Kidole changu kwenye gia ndogo kilikuwa kimeushinda mkono wangu mzima. Nikauweka mkoba chini.

Kila sahani ya chakula ninayoiweka mezani kwangu leo imetoka kwenye gia zile mbili, na nilikuwa sijawahi kumwambia. Mwalimu wako unakutana naye njiani, unamwamkia, unamuuliza habari za nyumbani, unapita, na ahsante inabaki kooni kama kidonge kilichomezwa bila maji.

"Shikamoo, mwalimu," nilimwambia siku hiyo, nikipangusa vumbi la plastiki kwenye kiti.

"Marahaba. Usinipe kiti kizuri, nimekuja kuomba. Nitaona aibu."

Shuleni kwake wanafunzi huchagua stadi kwa kukaa. Siku ya kuchagua, baada ya mapumziko, kila mmoja huingia chumba cha somo analolitaka, na mkuu wa shule hupita chumba kwa chumba kabla ya kengele ya mwisho. Ulipokutwa umekaa, ndipo pako. Chumba cha ufundi kina meza nne za kazi, na mwaka uliopita zilijaa mbili tu. Mkuu alikuwa amesema, kwa upole kabisa, kwamba safari hii meza zote nne zisipojaa, chumba kitafungwa na kuwa stoo ya viti vya mitihani. Mama Spana angepelekwa kusimamia maktaba, yeye ambaye hajawahi kuongea kwa sauti ya chini maishani mwake.

"Watoto hawauchukii ufundi," alisema. "Hawajaugusa, basi. Wanaona michoro ubaoni wanapiga miayo. Nitengenezee kitu cha kuchezea, mwanangu. Kitu cha gia. Mtu akikishika asitake kukiacha."

Nilikubali hata kabla hajamaliza.

Nilikichora kitu hicho kwa mapenzi ambayo hakuna beseni lililowahi kuyapata kwangu. Kila seti ilikuwa na gia za saizi mbalimbali, za njano na kijani, pamoja na ubao wenye vijiti vilivyokwisha kupangwa, kila kijiti mahali pake. Unachomeka gia zako, unazungusha mpini wa gia ndogo huku mwanzo, na kule mwisho gia kubwa inakunja uzi kwenye kibiringo chake na kunyanyua mzigo. Nilipima kila jino. Nilipima umbali wa kila kijiti na mwenzake. Nilikata gia za kadibodi nikazijaribu juu ya meza ya kulia, mpaka mama mkwe akauliza kama siku hiyo tutakula hizo. Jirani yetu seremala akatengeneza mbao kwa kipimo changu, akazipaka vanishi, akafunga duka lake na kusafiri kwenda kwenye harusi ya bintiye.

Wiki hiyo hiyo mama mkwe akaanza kuugua kifua. Wifi ndiye aliyekuwa akikaa naye usiku, na asubuhi alikuja kazini macho yamemvimba, akashika mashine bila hata kuniita Bibi Penseli. Roho iliniuma. Nikajisemea, huyu leo nisimtwishe hesabu. Nikakaa na mchoro wangu, nikaiongeza mwenyewe ile nyongeza ya kusinyaa kwenye kila kipimo cha gia, nikamwekea karatasi mezani pake. Sikumwambia. Kumwambia mtu mwenye fahari kama wifi kwamba umemfanyia kazi yake kwa sababu amechoka ni kutafuta vita. Nilidhani ataona tu.

Hakuona. Alifanya alichokifanya miaka yote: akachukua vipimo vyangu, akaongeza nyongeza yake.

Gia zilitoka nzuri ajabu, zinang'aa kama peremende. Wakati huo mama mkwe alikuwa amepata nafuu, anaagiza uji na kuukosoa, na sote tulikuwa na furaha. Nikachomeka gia ya njano na ya kijani kwenye ubao, nikashika mpini, nikazungusha. Hazikwenda. Zilikuwa zimekabana meno kwa meno, kama watu wawili wanene waliokutana mlangoni. Nikajaribu seti nyingine, nikajaribu na ya tatu. Kisha nikachukua kipimo. Kila gia ilikuwa kubwa kuliko inavyotakiwa, kubwa kidogo sana, na kidogo hicho kilitosha kuharibu kila kitu.

"Wifi, uliongeza?"

"Lini nimeacha kuongeza?"

"Na mimi niliongeza."

Akazima mashine. "Wewe uliongeza kwa nini?"

"Nilikuonea huruma. Ulikuwa hulali."

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wetu ulikuwa umejaa magunia, gia tele zisizokaa popote. Nilingoja anifokee, nilishaandaa na majibu. Badala yake aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka mpaka akashika mbavu, akapangusa macho kwa kiganja, na sikujua kama yale machozi yalikuwa bado ya kicheko.

"Wema hauozi," akasema, "lakini naona unavimba."

"Usinicheke, wifi. Kesho kutwa ndiyo siku yenyewe."

"Nakucheka, na nitakucheka mpaka tuzeeke." Akachukua gia moja, akaigeuza mkononi. "Kumbe uliona kwamba silali. Mimi nilidhani hakuna aliyeona." Kisha akasimama na kujikung'uta vumbi, maana hapendi kukaa sana kwenye maneno ya namna hiyo. "Sikiliza, Bibi Penseli. Siku nyingine ukinihurumia, nihurumie kwa sauti."

Chuma kilichokwisha kuchongwa hakirudi. Kalibu mpya ingetaka majuma, na seremala alikuwa mbali akicheza ngoma za harusi. Nilijitwika gunia moja la gia na ubao mmoja, nikaenda shuleni kwa Mama Spana nikiwa nimejipanga kuomba radhi kwanza, na pili kumwambia kwamba nitatoboa mbao mpya mimi mwenyewe, hata kama ni kukesha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akachukua gia mbili, akazilaza juu ya meza bila ubao, akazishika kwa vidole na kuzisogeza mpaka meno yakapatana. Akazungusha. Zikazunguka vizuri tu.

"Gia hazina kosa," alisema. "Zimevimba zote kwa pamoja, kwa hiyo zenyewe kwa zenyewe zinaelewana. Zilichokataa ni ubao wako."

"Ndiyo maana nasema nitatoboa mwingine, mwalimu. Nimeshapiga hesabu ya umbali mpya."

"Nani amekwambia utoboe wewe?" Alinyanyua ubao wangu wenye vanishi, akavitazama vijiti vyake kimoja kimoja. "Mzuri. Lakini umewatafunia chakula, mwanangu, ukawaachia kumeza tu. Mahali pa kila gia umeshapajua wewe. Wao wamebakiwa na nini? Niletee hizo gia, misumari minene na nyundo. Mbao ninazo, za madawati yaliyovunjika."

"Watapigilia vibaya."

"Ndiyo."

"Zitakwama."

"Ndiyo."

"Sasa wakikasirika wakaondoka?"

Akanitazama vile alivyonitazama siku ya grisi. "Wewe uliondoka?"

Nikaenda kutafuta misumari.

Siku ya kuchagua ilipofika, wifi alikuja nami, amebeba nyundo zote za karakana yetu na baadhi za majirani. Mama Spana alikuwa ameilaza spana yake maarufu sakafuni mbele ya darasa. Mapumziko yalipokwisha wakaingia watoto, wengine kwa kupenda, wengine kwa sababu waliziona rangi za gia kupitia dirishani. Meza ya kwanza ikajaa, ikajaa ya pili, na ya tatu nayo, kwa kusukumana, ikajaa. Ya nne ilibaki tupu kabisa. Mlango ukatulia. Hakuna aliyeingia tena.

Nilimwona Mama Spana akiitazama meza ile mara moja tu. Kisha akapiga makofi.

"Spana hii nataka itoke sakafuni ifike mezani," alisema. "Kwa kidole kimoja. Gia hizo hapo, mbao hizo, misumari hiyo, na uzi huo. Mimi sijui mtafanyaje."

Kelele zilizofuata sijawahi kuzisikia hata kwetu tunakoponda plastiki. Nyundo zilipigwa kwenye misumari, kwenye mbao, na mara moja kwenye kidole. Waliopigilia misumari karibu mno gia zao ziligoma kama zangu. Waliopigilia mbali mno gia zao zilizunguka kila moja kivyake, bila kugusana. Waling'oa wakapigilia upya, wakalaumiana, wakapatana. Hakuna aliyepiga mwayo.

Jirani na chumba cha ufundi ni chumba cha biashara, na mwalimu wake ni mtu nadhifu, mwenye leso iliyopigwa pasi, anayependa utulivu. Baada ya muda akaja msichana mmoja mwembamba, amefungiwa nywele mikia miwili, mkononi ana kikaratasi: *Tafadhali punguzeni kelele.* Alitaka kumpa Mama Spana, lakini Mama Spana alikuwa ameinama anavuta msumari uliopinda. Msichana akasimama kungoja. Akatazama gia za meza ya tatu zilizokuwa zimekwama.

"Kwani haziendi?" akaniuliza.

"Haziendi."

"Kwa nini?"

"Jaribu wewe uone."

Nilimpa ubao, misumari na gia mbili, akaketi nazo meza ya nne, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na nafasi. Alipigilia msumari wa kwanza. Akazisogeza gia zikabanana, kisha akafikiri, akazitenganisha kidogo, akakipachika kile kikaratasi cha malalamiko katikati ya meno, akapigilia msumari wa pili, akakichomoa. Akazungusha. Zikaenda kwa ulaini kiasi kwamba alicheka peke yake.

"Meno yanataka nafasi ya kupumua," alisema, bila kumwambia mtu yeyote.

Habari ilienea chumba kizima, na madaftari yakaanza kuchanwa kurasa.

Chumba cha biashara kikatuma mvulana mrefu kuuliza msichana yule amepotelea wapi. "Yuko hapa," alijibu mwenyewe. "Shika ubao huu, unatikisika." Akashika, na hakuna aliyemwambia aachie. Wakatumwa wawili kwa pamoja, nadhani ili mmoja amlinde mwenzake. Hao nao waliwakuta wenzao wakibishana kama gia kubwa ikae mwanzo au mwisho, na huwezi kuwapita watu wanaobishana vibaya bila kuwarekebisha. Mwisho akaja kiranja, beji kifuani, uso umekunjwa. Alianza kwa kuwaamuru wasimame. Kisha akasema uzi wao umefungwa ovyo, ngoja aufunge yeye.

Wifi, aliyekuwa akigawa misumari, akaninong'oneza, "Huyu mwalimu wa biashara akiendelea hivi atafilisika."

Akaja mwenyewe. Alisimama mlangoni na leso yake, akaitazama meza ya nne iliyojaa wajumbe wake wote. Nyuma ya bega lake, amekumbatia faili, alikuwa amesimama mkuu wa shule.

"Mmenitekea wanafunzi," alisema mwalimu wa biashara, akipaza sauti juu ya nyundo.

"Mlango uko wazi, mwalimu," alijibu Mama Spana. "Waite."

"Haya, twendeni. Kengele inakaribia."

Kiranja akainua kichwa. Mvulana mrefu akainua kichwa. Msichana wa mikia miwili hakuinua. Kidole chake kilikuwa kwenye mpini wa gia ndogo, na uzi wa meza yao ulikuwa umefungwa kwenye spana.

"Samahani, mwalimu," alisema. "Bado haijanyanyuka."

Nilikuwa nimesimama kando ya Mama Spana. Uso wake ulikuwa mkavu, lakini mkono wake ulikuwa umeushika ukingo wa meza kama mtu anayezuia meza isiondoke. Huo ulikuwa mkono ulionipa gia mbili. Nikamkumbuka wifi juu ya ndoo yake, na nikajua kwamba chumba kikifungwa au kisifungwe, neno langu halikupaswa kungoja. Nikainama sikioni mwake.

"Mwalimu, ahsante!"

"Unasemaje?" Nyundo za meza ya kwanza zilikuwa zimepamba moto.

"Nasema ahsante!"

"Sikusikii!"

Nikavuta pumzi na kupiga kelele kwa nguvu zangu zote, na hapo hapo spana ikajisogeza sakafuni, mtu akasema "tazameni," na nyundo zote zikanyamaza kwa pamoja.

"AHSANTE KWA ZILE GIA MBILI!"

Chumba kizima kilinigeukia. Wifi aliziba mdomo kwa mkono. Sikuona aibu hata chembe. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo aliokuwa ameshauzoea. Mama Spana hakunitazama, alikuwa akiitazama spana yake, ambayo sasa ilikuwa inaning'inia juu ya sakafu ikizunguka taratibu. Lakini alinishika mkono, akaubana kwa nguvu.

"Nimekusikia," alisema kwa sauti ya chini, ya kwanza niliyowahi kuisikia kwake. Mashavu yake yalikuwa yameloa. "Nimekusikia, mwanangu."

Spana ilipanda. Ilipita miguu ya meza, ikapita magoti ya watoto. Mkuu wa shule alikuwa ameingia ndani bila mtu kumwona. Alitazama meza ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ile ya nne akaitazama kwa muda mrefu zaidi. Akafungua faili lake, akaandika, akalifunga.

"Viti vya mitihani," alimwambia Mama Spana, "itabidi nivitafutie mahali pengine."

Kengele ililia. Hakuna aliyesimama. Mwalimu wa biashara alikuwa amechuchumaa karibu na meza ya nne, leso begani, ameuweka mkono wake wazi chini ya spana endapo itaponyoka. Ilikuwa imefika usawa wa meza, na hapo ndipo msichana wa mikia miwili alipogundua jambo ambalo mimi, pamoja na vipimo vyangu vyote, nilisahau kuliwekea kizuizi.

"Mwalimu," alisema kwa wasiwasi, kidole bado kiko kwenye mpini, "nikiachia itaanguka."

"Basi usiachie," alisema Mama Spana.